Mashudu, mtama na mlonge kwa kuku wa nyama Dodoma

Kuku wa nyama anakaa bandani wiki tano au sita. Chakula kikimkorofisha wiki moja tu, hana muda wa kufidia. Kwa hiyo hapa Nkuhungu wiki mbili za mwanzo vifaranga wangu wanakula starter (chakula cha kuanzia) ya dukani, yenye protini asilimia 21 hadi 23, na hapo sichezei. Vyakula mbadala vinaanza kuingia wiki ya tatu, tena kidogo kidogo kwa siku nne tano. Ukibadilisha ghafla, choo kinakuwa maji na maranda yanalowa.

Mchanganyiko wangu wa finisher (chakula cha kumalizia) wa kilo 100 ni huu: mahindi 40, mtama mweupe 25, mashudu (makapi yanayobaki mbegu ikikamuliwa mafuta) ya soya 16, mashudu ya alizeti 10, dagaa 5. Kilo 4 zilizobaki ni DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi), chokaa ya mifugo, mafuta kidogo, premiksi (vitamini na madini), laisini na methionini (viini vya protini), na chumvi isiyozidi robo kilo. Protini inakuja kama asilimia 18. Ukikosa mashudu ya soya ukatumia soya nzima, ikaange kwanza. Mbichi inazuia protini isisagike tumboni.

Alizeti tunayo tele, na bei ya mashudu inashawishi. Lakini mashine nyingi za mtaani hukamua mbegu na maganda yake, hivyo nyuzinyuzi ni nyingi: kuku anajaza gole, mwili haupati kitu. Usizidishe hizo kilo 10. Kabla ya kulipia, vunja kipande unuse katikati. Ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, rudisha.

Kwa mtama, kwaruza punje kwa ukucha. Chini ya ganda pakiwa peupe, nunua. Ukikuta utando wa kahawia, hiyo ni tanini. Inafunga protini, kuku anakula vizuri na hakui. Huo waachie wapika pombe. Mtama mweupe nao una kasoro moja, nayo ni ya sokoni zaidi: unafanya miguu na ngozi kupauka, na wateja wa chipsi kuku wanadhani umewauzia kuku mgonjwa. Hapo ndipo mlonge unaponisaidia. Kausha majani kivulini, yasage, weka kilo 3 badala ya kilo 3 za mtama. Rangi inarudi. Wanaosema mlonge unatibu kideri, ule ugonjwa unaoua kuku wengi kwa mara moja, waache waseme. Kideri ni chanjo.

Dagaa nawapima kwenye glasi ya maji: koroga, subiri, utazame mchanga uliotuama chini. Wakiwa na chumvi nyingi, kuku atakunywa maji bila kukoma na banda litanuka. Wiki ya mwisho ondoa dagaa na uongeze soya, nyama isije ikanuka samaki.

Sasa kuvu. Jirani aliniletea kiroba cha mahindi akasema, “Dada, yameota ukungu kidogo tu, wape kuku.” Nikamwambia, “Kaka, hata kuku wana ini.” Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu huku Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi. Kwa kuku inaharibu ini, linavimba na kuwa la njano, linapasuka kirahisi ukilibonyeza. Ukuaji unadorora na kinga inashuka, unachanja dhidi ya ugonjwa wa Gumboro na bado wanaugua, halafu lawama zinaenda kwa muuza chanjo. Kukaanga hakuiondoi. Mahindi yakaushe hadi punje ilie ikivunjwa na jino, yaweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Mashudu ya karanga yachunguze vivyo hivyo.

Virutubisho vya kwenye maji nanunua kwa sababu maalumu. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, joto letu linaua kuku wazito. Hapo vitamini C na chumvichumvi za maji zina kazi. Wape asubuhi, maji yabadilishwe siku hiyohiyo. Chakula kiondoe saa tano, kirudishe jua likipoa. Antibayotiki si kirutubisho, hata kama muuzaji anasema inanenepesha. Ikibidi kutibu kwa ushauri wa daktari wa mifugo, hesabu siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuchinja.

Kila Jumapili pima kuku kumi uliowakamata bila kuchagua. Kwa wastani wao kadiria uzito walioongeza kuku wote wiki hiyo, kisha gawanya kilo za chakula walichokula wote kwa kilo hizo. Jibu likivuka 2, punguza mashudu ya alizeti kwanza.