Somo: Kujifunza uhandisi wa gari la mbio kwa kutumia Assetto Corsa

Swali la "nianzie wapi?" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandikia somo, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Tutatumia Assetto Corsa, programu ya kompyuta inayoiga uendeshaji wa magari ya mbio, ya kampuni ya Kiitaliano ya Kunos Simulazioni iliyotoka mwaka 2014, kwa kuwa inakuruhusu kubadili gari kipande kwa kipande na kuyaona matokeo papo hapo.

1. Chagua gari moja na uwanja mmoja.

2. Usibadilishe kiasi cha mafuta wala joto la hewa.

3. Zunguka mpaka nyakati zako zikaribiane, maana dereva anayepishana na nafsi yake kwa sekunde mbili hawezi kupima chochote.

4. Pima upepo wa tairi zikiwa moto. Tairi iliyojazwa psi 26 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo) kwenye nyuzi 20, ikifika nyuzi 80, itasoma karibu psi 34.

5. Stabilaiza, yaani ufito wa chuma unaounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale sana kwenye kona. Hapa ndipo wengi huharibu. Wakiona gari linalala kwenye kona, hukaza ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, kisha hudhani wamepunguza mzigo unaohamia tairi za nje. Hawajapunguza. Mzigo huo huamuliwa na uzito wa gari, mchapuko wa kwenye kona, kimo cha kitovu cha graviti na upana kati ya magurudumu: gari la kilo 1,000, lenye kitovu kwenye sentimita 50 na upana wa mita 1.5, likipinda kwa g 1 (mchapuko sawa na wa graviti), huhamisha takriban kilo 333, stabilaiza iwe ngumu au laini. Kinachobadilika ni mgawanyo. Ukikaza ya mbele, ekseli ya mbele hubeba sehemu kubwa zaidi na pua hukataa kuingia kona. Ukikaza ya nyuma, mkia ndio huteleza. Tahadhari: usiguse springi katika zoezi hilohilo, kwani hutajua kipi kimeleta nini, na gurudumu la ndani likishanyanyuka, kukaza zaidi ekseli hiyo hakuna faida.

6. Andika kila badiliko daftarini.

Swali: Mkuu, naomba setingi nzuri ya gari lolote.

Jibu: Soma hatua ya kwanza.

Swali: Nimefanya yote, gari bado linateleza.

Jibu: Mbele au nyuma? Ukiingia kona au ukitoka? Bila hayo sina la kujibu.

Swali: Samahani mwalimu, ikiwa mzigo unaotoka tairi ya ndani ndio unaoingia ya nje, kwa nini ekseli ipoteze mshiko?

Jibu: Hilo ndilo swali lenyewe, na ahsante kwa kuliuliza. Mshiko hauongezeki sawia na mzigo. Chukulia tairi mbili zenye kilo 250 kila moja, zikishika kwa kizidishi cha 1.0 (mshiko ukigawanywa kwa mzigo): jumla ni 500. Hamisha kilo 150. Ya nje yenye 400 ishike kwa 0.95, ya ndani yenye 100 ishike kwa 1.05. Unapata 380 na 105, yaani 485. Hizo 15 zilizopotea ndizo unazozisikia kwenye usukani.

Swali: Je, haya yanafaa kwa rali, kama Safari Rally ya Naivasha?

Jibu: Kanuni ya mzigo ni ileile, ila namba za tairi za lami usizipeleke kwenye vumbi. Jaribu Richard Burns Rally, programu ya kuiga rali ya mwaka 2004, uanze na springi laini na gari lililoinuliwa.