Kulima Mboga ya Pwani Katika Shamba Lililoingiwa na Chumvi: Hatua kwa Hatua

Katika mwambao wa Tanga, kuanzia Moa hadi kusini mwa Pangani, yapo mashamba yaliyoachwa na wenyewe kwa sababu ya chumvi. Kwenye mlango wa Mto Pangani maji ya bahari yamekuwa yakipanda ndani zaidi kwa kadiri maji ya mto yanavyopungua, na mahali pengine maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) huvuka tuta, husimama siku chache, kisha hukauka na kuacha ukoko mweupe juu ya udongo. Mimi nalima katika ardhi ya namna hiyo. Ushauri wangu ni kwamba kabla mkulima hajatumia fedha kupambana na chumvi, atazame kwanza kama upo mmea wa chakula unaostawi ndani yake, kisha ajifunze kuula kwa kipimo, kwa kuwa mmea wa namna hiyo huibeba chumvi kutoka shambani hadi chunguni.

Mmea ninaoufundisha hapa ni mboga ya pwani, ambayo jina lake la kitaalamu ni Sesuvium portulacastrum. Hutambaa juu ya mchanga nyuma ya mikoko, una mashina mekundumekundu, majani manene yenye maji, na maua madogo ya rangi ya waridi. Ni vyema kuelewa jinsi unavyoishi, kwa sababu hatua zote zinazofuata zinatokana na jambo hilo. Mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi kwenye mizizi isiingie. Mchu, ambao nao ni mti wa msitu wa mikoko, huiruhusu kiasi iingie, kisha huitoa nje kupitia majani, ndiyo maana jani lake ukiliramba wakati wa kiangazi utaonja chumvi. Mboga ya pwani haifanyi lolote kati ya hayo: huipokea chumvi na kuifungia katika vifuko vilivyo ndani ya seli za majani, mbali na sehemu zinazofanya kazi za uhai, na huvuta maji mengi ili kuizimua. Unene wa jani lake unatokana na hifadhi hiyo ya maji na chumvi.

Hatua ya kwanza: pima chumvi

Usiamini macho peke yake. Ukoko mweupe huonekana mwishoni mwa kaskazi, lakini masika huuyeyusha na mkulima akadhani shamba limepona. Chukua udongo katika sehemu kadhaa za shamba, wa juu hadi sentimita 20 na wa chini yake hadi sentimita 60, uuanike kivulini, kisha uchanganye gramu 100 za udongo mkavu na mililita 500 za maji ya mvua. Tikisa vizuri, acha utuame, halafu tumbukiza kipimo cha upitishaji umeme katika maji yaliyo juu. Kwa udongo tifutifu, zidisha namba utakayoipata kwa 10 hivi ili upate makadirio yanayolingana na viwango vinavyotumiwa na wataalamu. Kwa kichanga kizidishio huwa kikubwa zaidi, na kwa mfinyanzi huwa kidogo. Kama kipimo kimesoma desisimensi 0.8 kwa mita (kadiri namba inavyokua, ndivyo chumvi inavyozidi), basi shamba la tifutifu lina takriban desisimensi 8 kwa mita.

Udongo unaozidi desisimensi 4 kwa mita huhesabiwa kuwa wa chumvi. Maharage huanza kupunguza mavuno baada ya 1, mahindi baada ya 1.7, nyanya baada ya 2.5 na mpunga baada ya 3. Maji ya bahari yenyewe hukaribia 50. Namba hizi zinaonyesha kwa nini mahindi hunyauka mahali ambapo mnazi bado unazaa.

Pima mara mbili kwa mwaka: mwishoni mwa Februari, chumvi inapokuwa juu kabisa, na katikati ya Mei, mvua inapokuwa imeisukuma chini. Pima pia maji ya kisima. Visima vingi vya pwani vina tabaka jembamba la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lililokaa juu ya maji ya bahari, na ukivuta maji mengi kwa pampu kwa siku moja, maji ya chumvi hupanda kujaza nafasi hiyo. Anayetaka uhakika zaidi apeleke sampuli kwenye maabara ya udongo; kituo cha utafiti wa kilimo cha Mlingano, wilayani Muheza, ndicho kilicho karibu zaidi na sisi wa Tanga.

Hatua ya pili: tofautisha chumvi na sodiamu

Kuna udongo ulioharibika si kwa wingi wa chumvi tu bali kwa sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya kawaida, iliyoshikamana na chembe za mfinyanzi, na huo hauponi kwa kumwagiwa maji peke yake. Dondosha bonge dogo kavu katika glasi ya maji ya mvua na uliache bila kuligusa. Maji yakichafuka kama maziwa pembezoni mwa bonge, sodiamu imezidi, na udongo huo unahitaji jasi ili kalsiamu ichukue nafasi ya sodiamu kabla ya kuuosha kwa mvua. Jihadhari hapa: udongo wenye chumvi nyingi pamoja na sodiamu nyingi huweza kubaki wazi katika glasi, kwa sababu chumvi yenyewe inazishikanisha chembe, na tatizo likajitokeza pale tu chumvi inapoanza kuoshwa. Kwa hiyo rudia jaribio hili baada ya kila masika.

Hatua ya tatu: panga mimea kwa kiwango cha chumvi

Shamba moja huwa na viwango tofauti, na kosa linaloenea ni kupanda zao moja kutoka juu hadi ukingoni mwa mikoko. Sehemu ya juu yenye chini ya 4 iachie mazao ya kawaida. Kati ya 4 na 8 panda tako la hasani, ile mboga inayotambaa ambayo wengi huipalilia na kuitupa, pamoja na minazi. Zaidi ya hapo ni mahali pa mboga ya pwani. Upande unaopigwa na upepo wa kusi panda mivinje, ambayo huvumilia upepo wa chumvi na mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyonasa naitrojeni ya hewani. Mtakawa nao unafaa, na mti wa mswaki hustahimili chumvi vizuri.

Mikoko usiiguse. Ni misitu iliyohifadhiwa, na kuikata kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Zaidi ya sheria, ukiondoa mikoko iliyo mbele ya shamba lako, umefungua mlango wa bamvua linalofuata.

Hatua ya nne: tafuta marando safi

Mboga ya pwani hupandwa kwa marando kama viazi vitamu. Kata vipande vya sentimita 15 vyenye vifundo vitatu au vinne, asubuhi, kutoka kwenye mimea iliyokomaa lakini isiyochanua. Usikate karibu na bandari, jalala au mtaro wa maji machafu. Mmea huu hunyonya metali nzito kama risasi na kadimiamu, na watafiti hutumia tabia hiyo kusafisha udongo uliochafuliwa; sifa hiyo hiyo huugeuza kuwa hatari ukiliwa kutoka mahali pabaya. Kwa jambo hili sina uvumilivu hata kidogo: kama hujui historia ya mahali, acha marando hayo.

Ondoa majani ya chini, fukia vifundo viwili, na kwa wiki mbili za mwanzo mwagilia maji baridi. Mimea inayopenda chumvi ikishakua haiipendi ikiwa michanga, na mizizi hutoka haraka zaidi kwenye udongo wenye chumvi kidogo. Ndiyo sababu ninapendelea kupanda masika yanapoanza.

Hatua ya tano: tengeneza matuta

Panda ubavuni mwa tuta, usipande kileleni. Maji hupanda kutoka mfereji hadi kilele cha tuta, hukauka hapo, na kuiacha chumvi yote juu. Acha sentimita 30 kati ya mche na mche. Chimba mtaro wa kutolea maji kabla ya kupanda, kwa kuwa chumvi iliyooshwa isipopata njia ya kutoka hurudi juu kiangazi kikifika.

Funika udongo kwa makuti makavu ili jua lisiivute chumvi juu. Makumbi ya nazi pia yanafaa, lakini si yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, kwa sababu yamekwisha kunywa maji ya bahari. Samadi iwe ya ng'ombe au mbuzi iliyooza vizuri. Mbolea ya kuku ina chumvi yake yenyewe.

Hatua ya sita: mwagilia kwa nadra, kwa wingi

Baada ya mizizi kushika, mboga ya pwani hukua vizuri zaidi penye chumvi ya wastani kuliko kwenye maji baridi matupu, hivyo maji ya kisima yenye chumvi kiasi yanatosha. Mwagilia mara chache lakini kwa maji mengi kila mara, ili ziada iisukume chumvi chini ya mizizi. Kamwe usipeleke maji ya bahari kwenye ardhi ambayo bado haijaingiwa na chumvi. Ardhi hiyo ni ya jirani pia, na maji ya chini hayajui mpaka.

Hatua ya saba: vuna na upike kwa kipimo

Baada ya miezi miwili hivi, kata ncha laini tu na uache shina litoe machipukizi mapya. Beba mavuno yote nje ya shamba, kwa maana chumvi iliyo ndani ya majani huondoka pamoja nayo. Yakiozea hapo hapo hurudi. Hata hivyo, usitarajie mmea peke yake uondoe chumvi ya shamba linaloendelea kufikiwa na bahari. Mvua na mtaro hufanya kazi kubwa zaidi.

Katika jani lililostawi kwenye chumvi nyingi, sodiamu huweza kufika sehemu ya kumi ya uzito wa jani likiwa kavu. Jani bichi likiwa na maji kwa sehemu tisa katika kumi, gramu 100 za majani mabichi huweza kuwa na gramu moja ya sodiamu, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 2 kwa siku, sawa na gramu 5 za chumvi ya mezani. Kwa hiyo osha, chemsha kwa maji mengi, mwaga maji hayo, kamua, kisha pika kwa tui la nazi, kitunguu na nyanya bila kuongeza chumvi. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo asile kabla ya kushauriana na daktari wake.

Tako la hasani lina faida ya pekee kwa mboga ya majani, kwa kuwa lina mafuta ya omega-3 ya aina inayopatikana kwenye mimea. Lakini lina oksalati nyingi, ambazo huchangia mawe ya figo. Kulichemsha na kumwaga maji huzipunguza, na kulila pamoja na mtindi husaidia, kwani kalsiamu huzishika tumboni kabla hazijaingia katika damu.

Kuhusu tiba, mengi husemwa pwani juu ya mimea hii, kama vile magome ya mkomafi, mti mwingine wa msitu wa mikoko, kwa maradhi ya tumbo. Nayaheshimu maarifa ya wazee, ila dawa iliyozoeleka haiwi salama kwa kila mtu kwa sababu ya mazoea tu. Mswaki ndio ninaoweza kuupendekeza bila wasiwasi: Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake katika kusafisha kinywa mwaka 1986, na mti huo hukua pale pale ambapo mahindi yamekataa.

Mashina yaliyokomaa ya mboga ya pwani wapewe mbuzi, yakichanganywa na majani ya kawaida, na mimi sizidishi theluthi moja ya lishe. Maji baridi ya kunywa lazima yawepo muda wote, maana mnyama anayekula chumvi hunywa zaidi, na akikosa maji hupunguza kula na kukonda.

Mwezi Mei ukifika, rudia vipimo vya hatua ya kwanza mahali pale pale ulipopima mwanzo na uandike namba zote katika daftari moja. Sehemu iliyoshuka chini ya 4 kwa masika mawili mfululizo, na isiyofikiwa na bamvua kubwa za Machi na Septemba, unaweza kuijaribu kwa mistari michache ya nyanya.