Umealikwa nje kupiga shoo au kutoa mhadhara? Soma hii kabla hujakata tiketi

Pasipoti kwanza, na iangalie leo. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, inatakiwa iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ina kurasa mbili tupu, na itadumu angalau miezi 3 baada ya siku unayotoka kule. Bima ya matibabu isipungue euro 30,000. Hayo ni ya kila msafiri, tuendelee.

Muda. Ombi la Schengen unaweza kulipeleka kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho ni siku 15 kabla, ila usithubutu kungoja hizo siku 15 maana wakitaka kuchunguza zaidi wana ruhusa ya kuvuta mpaka siku 45, na hapo bado hujahesabu kutafuta miadi ya kupeleka makaratasi. Marekani ndo kazi zaidi. Mwanamuziki anayekwenda kutumbuiza kwa malipo kwa kawaida anahitaji viza ya O au P, na huanzi wewe, anaanza mwenyeji au wakala wa huko kupeleka ombi USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, likikubaliwa ndo wewe unakwenda ubalozini. Promota akikwambia njoo mwezi ujao muulize ombi limepelekwa lini, na kama hana jibu usiitangaze hiyo shoo.

Wasomi mna nafuu kidogo. Marekani mwenye viza ya B-1, ile ya ziara fupi ya kikazi, anaruhusiwa kupokea posho ya mhadhara, mradi shughuli isizidi siku 9 kwenye taasisi moja na asiwe amelipwa hivyo na taasisi zaidi ya 5 ndani ya miezi 6. Taasisi yenyewe iwe chuo au shirika la utafiti lisilo la kibiashara, sio kampuni ya mtu.

Sasa barua ya mwaliko, na hapa naomba usome polepole. Kuna ndugu yetu ni mtafiti wa muziki na gitaa anapiga vizuri sana, aliitwa na chuo kimoja Uingereza kwenye kongamano la siku tatu. Barua ilikuwa na mistari minne tu, atashiriki kongamano, basi. Viza ikatoka. Baada ya hapo wenyeji wakamwambia kwa kuwa utakuwepo Jumamosi tupigie ukumbini, tutakupa chochote, naye akakubali, na hakuna aliyekumbuka kwamba fomu ya viza haina habari ya Jumamosi. Uwanja wa ndege afisa akamuuliza unakaa siku ngapi, wiki mbili, na kongamano ni siku tatu, hizo nyingine unafanya nini? Akasema napumzika. Wakafungua begi la gitaa, kwenye ule mfuko wa mbele wa kuwekea nyaya, wakakuta bango limekunjwa mara nne, picha yake, jina la ukumbi, tarehe, bei ya tiketi. Kuanzia hapo hata habari za kongamano hawakuziamini tena. Sisi tuliokwenda kumpokea tulisimama nje tunapiga simu haipokelewi mpaka usiku, kumbe wanatafuta ndege ya kumrudisha.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba ile shoo ingewezekana kihalali kabisa! Tangu tarehe 31 Januari 2024 mgeni wa kawaida Uingereza anaweza kufanya kazi fulani za malipo za fani yake, mhadhara au onyesho, ila ziwe zimepangwa kabla ya safari, zimetajwa kwenye ombi la viza, kuna mwaliko rasmi wa taasisi ya kule, na zimalizike ndani ya siku 30 tangu aingie. Sasa ndugu yetu kila fomu anayojaza inamuuliza kama amewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote, na lazima aseme ndiyo na aeleze, maana ukidanganya kwenye ombi Uingereza wanaweza kukufungia miaka 10.

Kwahiyo usikubali barua ya mistari minne. Irudishe, hata kama aliyeiandika ni profesa mkubwa. Iseme siku kwa siku uko wapi, nani analipa nauli, nani malazi, unalipwa kiasi gani na na nani, na kwa nini wewe. Ratiba ikibadilika baada ya viza kutoka, mwenyeji aulize uhamiaji kabla hujapanda ndege, ikishindikana hilo jambo liache.

Mengine haraka haraka. Kama ziara ni Paris, London kisha Berlin, viza ya Schengen ya kuingia mara moja inaishia unapovuka kwenda London, omba ya kuingia mara nyingi na uambatanishe ratiba. Ala yenye pembe ya ndovu au ngozi ya mnyama anayelindwa inataka kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini. Malipo ya Marekani yanaweza kukatwa kodi asilimia 30 kabla hujayaona, ulizia mapema. Ulichoposti mtandaoni kifanane na ulichoandika kwenye fomu. Makaratasi yote beba mkononi, sio kwenye begi la chini, na namba ya mwenyeji iandike kwenye karatasi maana simu inaweza kuzima, mwambie pia saa unayotua awe macho na simu iwe wazi, afisa akitaka kumpigia ampate.