Umegonga kichwa na unasema uko poa? Jinsi ya kutambua mtikisiko wa ubongo na kurudi taratibu

Mtu akigonga kichwa wote tunamkimbilia na swali moja, uko sawa? naye anajibu niko poa, anajipangusa vumbi na mambo yanaendelea. Sasa hapo umeuliza ubongo uliotikiswa ujipime wenyewe, na ubongo ndo kifaa chenyewe kilichoumia. Jibu lake usilitegemee. Mwangalie.

Mtikisiko wa ubongo, wengine wanaita konkasheni, unatokea kichwa kikisukumwa au kikisimama ghafla, ubongo ndani ya fuvu unavutika na kujipinda kidogo, seli zake zinavurugika na zinahitaji nguvu nyingi kujirudisha sawa wakati huohuo damu inayozifikia inaweza kuwa imepungua. Ndo maana kipimo cha CT, zile picha za ndani ya kichwa zinazopigwa kwa eksirei, mara nyingi kinatoka safi, kwa sababu kinatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, huu uchovu wa seli hakiuoni. Kwa hiyo ukiambiwa picha iko safi shukuru kwamba hamna damu, ila usidhani maana yake hujaumia. Alafu sio lazima kichwa chenyewe kigongwe, kumbo zito la kifuani au gari kugongwa kwa nyuma shingo ikaenda nyuma ikarudi mbele inatosha kabisa. Na hii ya kusema "si hajazimia" naomba tuiache, wengi wanaopata mtikisiko hawapotezi fahamu hata kidogo.

Unachokiona wewe uliye pembeni ni hiki: amechelewa kuinuka, anayumba, anashika kichwa, macho yanaangalia mbali kama hayupo, anajibu polepole, anauliza kitu kilekile mara ya pili na ya tatu. Anachosikia yeye ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwanga na kelele vinamkera, anaona ukungu au vitu viwili viwili, kichwa kizito, akili haishiki. Kuna zile zinazochelewa pia, mtu analala vizuri kesho yake ndo anaanza kukasirika ovyo, kulia bila sababu, usingizi kukata au kuzidi, kusoma ukurasa mmoja mara tatu bila kuelewa. Zinaweza kujitokeza baada ya masaa au hata siku 1 mpaka 2, kwa hiyo usifunge faili siku ileile.

Kama ni mchezaji mtu mzima kuna maswali mafupi yanayotumika pembeni mwa uwanja, yanaitwa maswali ya Maddocks: hapa tuko uwanja gani? hiki ni kipindi cha ngapi? nani kafunga mara ya mwisho kwenye mechi hii? mechi iliyopita mlicheza na nani? mlishinda? Angalia jinsi yalivyotengenezwa, hayamuulizi jina lake wala amezaliwa lini, maana vitu vya zamani anaweza kuvitaja vizuri tu huku dakika kumi zilizopita zimefutika. Akikosea hata moja anatoka. Akipatia yote lakini ulimuona anayumba, bado anatoka, na harudi siku hiyo hata akilia. Kule Marekani kijana Zackery Lystedt wa miaka 13 aligonga kichwa mwaka 2006 kwenye mpira wao wa Marekani, akakaa nje muda mfupi akarudishwa kwenye mechi ileile, baada ya mechi akaanguka, damu imevuja kwenye ubongo. Alifanyiwa upasuaji na akaishi na ulemavu. Jimbo la Washington likapitisha sheria yenye jina lake mwaka 2009, kwamba mchezaji kijana anayeshukiwa kupata mtikisiko anatolewa na harudi mpaka mtaalam wa afya amruhusu kwa maandishi. Mimi hilo ndo napenda kila kocha alijue kwa moyo.

Sasa kuna dalili ambazo hakuna cha kusubiri wala kuangalia atakuwaje asubuhi, hospitali muda huohuo:

- kichwa kinauma na kinazidi kuuma
- anatapika zaidi ya mara moja
- degedege
- amezimia, au amelala haamshiki, au anazidi kuchanganyikiwa
- mkono au mguu umelegea au una ganzi, maneno hayatoki vizuri
- mboni moja ya jicho imekuwa kubwa kuliko nyingine
- damu au majimaji maangavu yanatoka puani au sikioni
- shingo inauma katikati kwenye mfupa (huyu usimnyanyue, asubiri watu wenye ujuzi)
- mtoto mdogo analia habembelezeki, au anakataa kunyonya

Mzee wa miaka 65 kwenda juu, au mtu yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu isigande kama warfarin, apelekwe hata kama anaonekana mzima, maana kwao damu inaweza kuvuja taratibu.

Kama hizo hazipo, masaa 24 mpaka 48 ya kwanza ni kupumzika, lakini kupumzika kwa kiasi. Asibaki peke yake usiku wa kwanza. Kulala anaruhusiwa, ile ya kumkesha macho mtu usiku kucha haina faida kama ameshapimwa na anaongea vizuri, ila daktari akisema umwamshe kila baada ya muda fulani fuata. Hamna pombe, hamna kuendesha chombo chochote, simu na skrini punguza sana hizo siku 2. Kichwa kikiuma paracetamol inatosha, aspirini na ibuprofen ziache mwanzoni kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Na hata paracetamol usiifanye ya kila siku wiki kwa wiki, vidonge vikizidi vyenyewe vinaleta maumivu ya kichwa.

Baada ya hapo ndo watu wengi wanakosea. Zamani mgonjwa aliambiwa ajifungie chumba chenye giza mpaka dalili zote ziishe, na bado utasikia watu wanashauri hivyo. Mkutano wa wataalam wa mtikisiko michezoni uliofanyika Amsterdam mwaka 2022 ulisema wazi, kukaa kitandani muda wote hakusaidii, mtu aanze kutembea mapema ndani ya zile siku 2 za kwanza kama anaweza, na mazoezi mepesi ya moyo, yaani yanayopandisha mapigo ya moyo kidogo, yanaharakisha kupona. Kitanda cha wiki tatu kinakuachia mwili dhaifu, usingizi uliovurugika na mawazo, alafu unashindwa kujua kipi ni mtikisiko na kipi ni kitanda.

Utajuaje umezidisha? Hapa tena usitumie "najisikia poa", tumia namba. Kabla ya kutembea jipe alama ya dalili zako kutoka 0 mpaka 10, tuseme leo kichwa ni 3. Tembea, alafu jipime tena. Ikipanda kidogo, isizidi alama 2, na ikashuka ndani ya saa moja, uko ndani ya mipaka, kesho endelea. Ikiruka zaidi ya hapo simama, kesho punguza mwendo au dakika. Andika kwenye daftari, maana kumbukumbu ndo mgonjwa mwenyewe. Kwa mapigo ya moyo, anza chini ya 55% ya kiwango chako cha juu, ukizoea nenda mpaka 70%. Kiwango cha juu unakadiria kwa 220 kutoa umri, kwa hiyo mtu wa miaka 30 anapata 190, mwanzo asivuke kama mapigo 105 kwa dakika, baadae 133.

Shule na kazi ni hivyohivyo, rudi kwa vipande, nusu siku, mapumziko mafupi katikati, na masomo au kazi nzima zirudi kabla ya mpira wa ushindani. Mchezo una hatua zake: shughuli za kawaida, mazoezi ya moyo, mazoezi ya mchezo wako ukiwa peke yako, mazoezi na timu bila kugusana, mazoezi kamili, mechi. Kila hatua angalau masaa 24. Kabla ya kuingia mazoezi na timu dalili ziwe zimekwisha kabisa hata ukitoka jasho, na kabla ya kugusana na watu upate ruhusa ya daktari. Pigo la pili kabla hujapona ndo linaogopesha kuliko la kwanza.

Watu wazima wengi wanakuwa sawa ndani ya wiki 2, watoto mpaka wiki 4. Ikipita hapo usikae tu kusubiri, tafuta fizio, mtaalam wa tiba ya mazoezi, anayejua mambo ya kichwa na shingo. Mara nyingi kinachobaki ni shingo iliyokaza, au macho na sikio la ndani ambavyo haviendi pamoja. Kuna zoezi utaliona: herufi moja inabandikwa ukutani usawa wa macho, unaikazia macho huku unageuza kichwa kulia na kushoto kama unayekataa, herufi isicheze wala kuwa na ukungu. Sekunde chache tu kizunguzungu kinaanza, ni kawaida, ndo ubongo unajifunza upya, ila kasi na muda apange fizio baada ya kukupima. Kama kizunguzungu kinakuja pale tu unapogeuka kitandani mwambie hivyohivyo, inaweza kuwa vipande vya chokaa vimehama ndani ya sikio na kuna jinsi ya kukilaza na kukigeuza kichwa vikarudi, wakati mwingine siku hiyohiyo. Na kama ni hasira, huzuni au usingizi uliogoma, vitaje pia ukiwa na lile daftari mkononi, na uende na mtu unayeishi naye maana yeye ameona ambayo wewe hukuyaona.