Volti 24 kwa vibanda vya ufukweni

Wanaoandaa maonyesho ya jioni ufukweni Bagamoyo, ambako vibanda kadhaa huchangia umeme wa betri za sola, wangefanya vyema kuunganisha betri mbili zinazofanana kwa mfululizo, yaani ncha chanya ya moja kwa ncha hasi ya nyingine, na kusambaza volti 24 badala ya 12. Taa na chaja zenye jumla ya wati 60 huvuta ampea 5 kwenye volti 12; waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 uliovutwa mita 20, ambao kwa hesabu ni mita 40 kwa kuwa umeme huenda na kurudi, hupoteza takribani volti 1.4, na kibanda cha mwisho hubaki na taa zilizofifia. Kwa volti 24 ampea hushuka hadi 2.5, na wati zinazopotea njiani huwa robo tu ya zile za awali. Kila kibanda kiwekewe kifaa cha kushusha volti hadi 12.

Fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, na ukubwa wake ufuate uwezo wa waya, si mahitaji ya taa. Wengi huipuuza kwa kuwa volti 24 hazimrushi mtu, ilhali betri ikipiga shoti huweza kuyeyusha waya na kuwasha makuti ya kibanda. Maungio nayo yapakwe grisi, kwa sababu hewa ya chumvi huiotesha shaba kutu ya kijani mapema mno.