Kiti kimoja, nusu dakika: ninavyompima mama nguvu za miguu

Kiti cha plastiki usikiguse. Juu ya vigae kinateleza. Mimi natumia kile cha mbao cha mezani, kisicho na mikono, kimo chake sentimita 43 hivi, nimekiegemeza ukutani. Mama anavua ndala, anakaa katikati ya kiti, nyayo sakafuni, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyesusa.

Nikisema "haya!", simu inaanza kuhesabu sekunde 30. Anasimama mpaka magoti yanyooke, anakaa kabisa, anasimama tena, nami nahesabu mara anazosimama. Muda ukiisha akiwa ameshavuka nusu ya kusimama, hiyo nayo inahesabiwa. Akijisukuma kwa mikono, matokeo ni sifuri. Hapo ndipo tunapogombana: siku ya kwanza alishika mapaja, akadai eti kanga ilikuwa inaporomoka.

Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akipata chini ya 10, yuko chini ya wastani na ni rahisi zaidi kuanguka. Mwanamume wa umri huo, chini ya 12. Mama ana 72, alianza na 8. Sasa anajizoeza kila asubuhi chai ikichemka, na Jumapili iliyopita kafika 11. Kifua kikibana au kizunguzungu kikimshika, tunaacha papo hapo.