SOMO: Njia tulivu za baiskeli Lushoto na Usambara Magharibi, mbali na malori na boda

Wakuu habari zenu. Najua humu wengi tunapiga baiskeli mjini na tunajua kero yake, daladala linakubana ukingoni, boda anakupita kushoto, honi mgongoni mwanzo mwisho. Wengi wameniuliza wapi mtu anaweza kuendesha siku nzima akasikia ndege tu na cheni yake. Jibu langu ni milima ya Usambara Magharibi, wilaya ya Lushoto, mkoa wa Tanga. Ila naomba msome vizuri, maana utulivu wa kule haupatikani kila barabara wala kila saa, unapangwa. Barabara ya lami ya kupandia kutoka Mombo kupitia Soni mpaka Lushoto ndiyo inayobeba karibu kila kitu, mabasi, Noah, Fuso za kabichi na karoti zinazoshuka kwenda Dar. Ukiifanya hiyo ndio ziara yako ya mchana utarudi unasema Lushoto kuna magari kama Kariakoo, wakati hujaingia hata njia moja ya ndani.

Hatua ya 1: Chagua msimu

Epuka masika, Machi mpaka Mei. Sio suala la kulowa, kulowa utakauka, shida ni udongo. Udongo mwekundu wa kule ukilowa unajaza kati ya tairi na fremu, unapanda mpaka kwenye breki, gurudumu linagoma kabisa kuzunguka, unashuka unatafuta kijiti unachokonoa, unasukuma hatua chache inajaa tena. Juni mpaka Septemba ni pakavu ila baridi, asubuhi ukungu mzito na vidole vinakufa ganzi kwenye hendo, beba glovu na jaketi la upepo. Januari na Februari mimi ndio napenda zaidi, jua lipo na njiani unakuta peasi, pichesi na plamsi zinauzwa kwenye ndoo.

Hatua ya 2: Andaa baiskeli

Tairi nyembamba za lami ziache nyumbani. Ukiwa na tairi la mm 40 kwenda juu umepona, mauntenibaiki ndio bora zaidi. Gia: hakikisha ile nyepesi kabisa inaingia bila kulalamika, kule utaishi humo. Breki ndio roho yako, badilisha pedi kabla ya safari hata kama unaona bado zina maisha. Beba tyubu mbili, viraka, pampu, na kile kifaa cha kukatia na kuunga cheni. Mafundi baiskeli wapo Lushoto mjini, ila ukishapita Magamba, kijiji kilicho juu ya mji, usitegemee kukuta spea za gia za kisasa.

Hatua ya 3: Panda na basi

Hapa najua wagumu wataniona mvivu, lakini nasema kwa moyo mweupe: pandeni Lushoto na basi. Toka Dar kuna mabasi yanaenda moja kwa moja, yanaondoka alfajiri Mbezi kituo cha Magufuli. Baiskeli inaingia kwenye buti, toa gurudumu la mbele, geuza upande wa cheni uangalie juu, funga na kipande cha godoro au boksi kwenye diferela ya nyuma (kile kinachohamisha cheni kati ya gia), elewana na konda nauli ya mzigo KABLA hajafunga mlango. Kama lazima upande kwa miguu yako, lala Mombo uanze saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni kilomita 30 na kitu hivi na unapanda karibu mita 1,000, kwahiyo ukifika Soni kabla magari hayajachangamka umeshakula sehemu kubwa ya njia kwa amani.

Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Irente

Hii ni ya kuzoesha mapafu, maana Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari na mtu wa pwani atasikia. Toka mjini fuata barabara ya vumbi ya Irente, pita Yoghoi, mpaka ukingo wa mlima. Ni kama kilomita 6 tu kwenda. Pale ukingoni ardhi inakatika ghafla, chini kabisa unaona Mazinde, mashamba ya mkonge yamepangwa mistari, na barabara kuu ya Moshi malori yake yakiwa madogo hata huyahesabu, halafu nyanda zinaenda mpaka macho yanachoka. Nenda asubuhi au jioni, mchana kuna joto linalopanda toka chini na picha zinakuwa na ukungu ukungu. Ukirudi simama shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri (KKKT), wana jibini na mkate wa kwao na jemu. Mimi huwa nakula kwanza halafu ndio naangalia saa.

Hatua ya 5: Siku ya pili, Magamba na Migambo

Hii ndio njia yenyewe niliyowaitia hapa. Toka Lushoto panda kuelekea Magamba, kama kilomita 7 au 8, mwinuko mfululizo. Mpaka hapo kuna magari kiasi, vumilia. Ukifika Magamba acha barabara ya Lukozi, chukua ya vumbi inayoelekea Kwai na Migambo. Ndani ya dakika chache umebaki na msitu upande mmoja na mashamba ya viazi na kabeji upande mwingine, gari ukikutana nalo unalisikia mapema sana. Mbega weusi wenye mkia mweupe wapo msituni, hawaonekani kwa anayekimbia, simama, zima muziki, tazama juu ya miti. Kama unataka kuingia kwenye hifadhi yenyewe, Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS (wakala wa serikali wa misitu), pita ofisini kwao ulipie kwanza na uulize njia zipi baiskeli inaruhusiwa. Ukibaki kwenye barabara ya vijiji hakuna mtu wa kukuzuia.

Jambo moja la ustaarabu. Barabara hizi ni uwanja wa watu, akina mama wamebeba kuni, wazee wanatoka shamba, watoto wanacheza kona. Punguza mwendo, salimia, mzee mpe shikamoo yake kabla hujampita sio baada. Siku ukipata pancha hao hao ndio watakuletea maji ya kutafutia tundu.

Hatua ya 6: Kwa wenye miguu, Mtae

Lushoto hadi Mtae ni kama kilomita 60, kupitia Magamba, Malindi, Lukozi, Manolo, Sunga. Msifanye kwenda na kurudi siku moja, laleni huko. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, pande zote mbili ni bonde, unaona Mkomazi na milima ya Upare, na hewa ikiwa safi hata Kilimanjaro. Lukozi ni soko kubwa la mboga kwahiyo siku ya gulio Fuso ni nyingi na vumbi lake utalila. Jioni kabla ya safari muulize mwenye gesti "kesho gulio wapi", akikutajia kijiji kilicho kwenye njia yako geuza ratiba, hilo swali moja linasaidia kuliko ramani yoyote.

Hatua ya 7: Kushuka Mombo

Nachelewa hapa makusudi kwa sababu hapa ndipo watu wanaumia. Shuka alfajiri, ukishaona njia vizuri tu, kabla mabasi ya kupanda hayajafika. Kona ni nyingi na hazionyeshi mbele, dereva anayepanda hukata kona akaja upande wako. Usishike breki moja kwa moja kilomita nzima, shika kwa nguvu kabla ya kona, achia ukiwa ndani ya kona, mbele na nyuma kwa pamoja. Breki za kubana rimu zikipata moto zinaweza kupasua tyubu ukiwa kwenye mwendo. Simama Soni kwenye maporomoko, pumzisha baiskeli hata dakika 15, na kama breki zako ni za diski usiguse diski kwa kidole, inaunguza.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nina Phoenix ya kawaida, haina gia, breki za vyuma. Naweza?
Jibu: Irente unaweza, sehemu za kupanda utasukuma na hakuna aibu, wenyeji wenyewe wanasukuma. Kushuka Mombo na breki za vyuma hapana, nakuomba kabisa. Rudi na basi.

Swali: Kaka mimi ni mdada na nataka kwenda peke yangu, usalama ukoje?
Jibu: Dada, vijijini watu ni wakarimu sana. Ila msituni upande wa Magamba nisingependa mtu yeyote aende peke yake, mwanaume au mwanamke, kwa sababu ukianguka hakuna wa kukuona haraka na mtandao unakatika katika. Lushoto mjini kuna waongozaji wa watalii wenye vitambulisho, wengine wanakodisha baiskeli pia, chukua mmoja siku ya Migambo. Mwachie mwenye gesti namba ya ndugu yako na umwambie unarudi saa ngapi.

Swali: Sisi tuko Voi tunataka kuja wanne. Tupitie wapi na Lushoto tutaendesha tukiwa tumechoka ama?
Jibu: Karibuni sana. Piteni Taveta, mvuke Holili, mje Himo halafu Same mpaka Mombo. Himo hadi Mombo ni barabara kuu ya malori na mabasi ya mwendo, hiyo pandeni gari na baiskeli zenu, msiipige pedeli. Anzeni Lushoto.

Swali: Kwanini usiseme Amani? Mimi naona Amani ni tulivu kuliko Lushoto.
Jibu: Kwa magari machache ni kweli, Amani ni Usambara Mashariki, unapandia Muheza, msitu ni mnene na juu kuna chai. Lakini kule mvua ni nyingi zaidi na njia inateleza hata nje ya masika, ndio maana kwa mtu wa mara ya kwanza nampeleka Lushoto. Ukiwa na picha na hali ya barabara ya karibuni weka hapa mkuu, nitaongeza kwenye somo.

Swali: Maji ya kunywa?
Jibu: Lita mbili kila mtu siku ya Migambo, tatu siku ya Mtae. Vijito ni vingi na vinavutia ila juu yake kuna mashamba yanayopigwa dawa, usinywe. Madukani Magamba na Lukozi unanunua.